Mwaka wa Damu Isiyo Yangu

Mama alikaa kwangu Embu wiki zake saba za mwisho, katika chumba ambacho kabla yake kilikuwa cha pasi na magunia ya maharagwe. Moyo wake ulikuwa umechoka, na daktari alituambia wazi kwamba lililobaki ni kumpunguzia chumvi, kumpa vidonge vya kutoa maji mwilini na kumkalia karibu. Tulimzika kijijini kwetu Ruiri mwezi uliopita, kando ya Baba. Watu walipokwisha kula na kwenda zao, nilizunguka nyuma ya nyumba peke yangu kutazama mahali kilipokuwa choo chetu cha zamani. Kilifukiwa miaka mingi iliyopita na sasa pana migomba. Nilisimama pale muda mrefu kuliko niliosimama kaburini, na shemeji yangu aliyekuja kunipa chai akadhani ninalia. Sikuwa ninalia. Nilikuwa na hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoniandikisha haya, maana nimejaribu kuipeleka kanisani ikakataa kubaki huko.

Mimi ni mtu wa maabara. Nimekaa miaka kumi na minane kwenye stuli moja katika zahanati moja ya hapa mjini, nikipima damu na mikojo ya watu. Wanaume wanatoka Gachoka, wanatoka Karurumo, wananipa kikopo kimefunikwa kwa gazeti kana kwamba wamekiiba. Wanawake wananiambia "hiyo ni kawaida yangu" kabla sijawauliza kitu. Ninachovya kijiti, ninasubiri, rangi inabadilika au haibadiliki. Mtu akiniuliza kwa nini nilichagua kazi hii ninasema niliipenda sayansi shuleni, na huo ni uongo, kwa sababu shuleni nilipenda Kiswahili na netiboli. Niliichagua kwa sababu ya mwaka mmoja niliokaa nyumbani nikiwa na miaka kumi na tisa, baada ya kumaliza kidato cha nne, nikisubiri kwenda chuo.

Nyumba yetu ilikuwa ya mbao. Baba alikuwa seremala na aliijenga kwa mikono yake, kwa vipimo vyake, akijisifu kwamba hakuna ubao aliokata mara mbili. Jiko aliliegemeza kwenye ukuta wa sebule ili moshi upande juu na joto libaki ndani, kwa sababu usiku wa kwetu una baridi, na kati ya jiko na sebule kulikuwa na ubao mmoja tu. Ukikohoa jikoni, aliyekuwa sebuleni alikwambia pole. Baba alikula sebuleni, kwenye meza ndogo karibu na redio, na Mama na mimi tulikula jikoni juu ya vigoda, sufuria ikiwa katikati. Chakula cha mwaka ule nakikumbuka vizuri kwa sababu sikuwa nakipenda: githeri ya mahindi magumu na maharagwe, mukimo uliopondwa na majani ya malenge, na uji wa wimbi ambao Mama alinilazimisha kunywa kikombe kizima asubuhi na jioni ili uniongeze damu.

Damu nilihitaji kuongezwa kweli. Hedhi yangu ilikuwa inakaa siku kumi, siku kumi na mbili, inaondoka wiki moja, inarudi bila hodi. Ilikuja na mabonge makubwa kama vipande vya ini. Nilitumia pamba nilipoipata, na nilipokosa nilitumia vipande vya blanketi kuukuu nilivyovifua alfajiri na kuvianika chini ya magunia ili jua livifikie bila watu kuviona. Nilikuwa nikipanda kutoka mtoni na mtungi wa maji ninasimama mara tatu njiani, masikio yakivuma, na nilikuwa na tamaa ya udongo. Nilibandua udongo mwekundu wa kichuguu kilichokuwa karibu na zizi nikautafuna kama biskuti. Mama alijua, lakini kwake hilo lilikuwa jambo la ujana. "Hata mimi nilikuwa hivyo," aliniambia. "Ukizaa itaisha." Nilikuwa sina mume wala mpango wa kupata mtoto, kwa hiyo dawa yangu ilikuwa mbali kweli.

Mara ya kwanza aliponigombeza ilikuwa wakati tunavuna maharagwe, mwezi wa pili. Ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Baba alikuwa sebuleni na sahani yake, mimi ninapuliza moto, Mama akaingia kutoka nje akasimama katikati ya jiko.

"Wewe Kendi! Hii damu umeacha kwa choo, umeachia nani?"

"Mama, mimi nimeosha."

"Umeosha nini? Mimi ni kipofu? Damu iko hapo kwa simiti, mtu mzima anaingia anaiona! Hakuna aibu kwa hii nyumba?"

Nilihisi nitaanguka motoni. Damu yenyewe haikunitisha, nilikuwa nimeizoea. Lililonimaliza ni kwamba Baba yuko pale, nyuma ya ubao mmoja, na kijiko chake kimeacha kugonga sahani. Kwetu mama hataji mambo hayo ya binti yake mbele ya baba yake. Hayatajwi hata kwa mafumbo. Binti akiumwa tumbo, baba huambiwa ana malaria na mambo huishia hapo. Nilimtazama Mama nikimwomba kwa macho anyamaze, lakini hakuwa ananiangalia mimi. Alikuwa ameuelekea ukuta na sauti yake ilikuwa juu zaidi ya ilivyohitajika. Kisha tukasikia kiti kikisukumwa, kikohozi kimoja, na Baba akatoka kwenda kwa ng'ombe na chakula chake hakijaisha.

Nilichukua maji na majivu nikaenda kuosha. Choo chetu kilikuwa na sakafu ya saruji, fahari ya Baba, maana majirani wengi walikuwa bado na magogo. Damu ilikuwepo kweli. Lakini hapa ninasema kama mtu wa maabara, ingawa siku ile sikuwa mtu wa maabara: damu yangu ilikuwa nzito na nyeusi, na ile ilikuwa nyepesi, ya waridi, imetawanyika kama maji yaliyooshewa nyama. Niliiona tofauti hiyo. Niliiona kwa macho yangu, nikainama nikaisugua. Mwili wangu haukuwa na kalenda, na mtu aliyezoea kuwa na makosa hachunguzi kosa moja moja. Mama alikuwa amesema ni yangu, basi ni yangu.

Ilirudiwa mwezi wa tatu, ikarudiwa mwezi wa nne mara mbili. Kila mara ilikuwa wakati Baba yuko mezani, na kila mara sauti ileile ya juu. Siku moja nilikuwa nimekaa wiki nzima bila kutokwa hata tone, nikajitetea, nikamwambia, "Mama, sasa hivi sina kitu," naye akajibu, "Kama si wewe ni nani? Ni ng'ombe?" Sebuleni redio ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Baba aliiongeza sauti. Nilianza kuamini kwamba Mama ananichukia, kwamba ameniona mzigo nyumbani, msichana mkubwa asiye na kazi anayemwaga damu ovyo. Niliacha kula naye. Nilikuwa nachukua githeri yangu naenda kukaa nyuma ya zizi na kichuguu changu.

Kule nyuma ya zizi ndiko nilikomsikia Baba. Mwanaume wa kwetu haendi chooni kwa haja ndogo, kuna ua, kuna mgomba, kuna gurudumu la lori. Baba naye alikuwa mtu wa ua maisha yake yote. Mwaka ule akaanza kwenda chooni, tena na gazeti kwapani ili ionekane ana shughuli ndefu, na ilikuwa ndefu kweli. Nilisikia matone, kisha kimya, kisha matone, kisha pumzi ya mtu anayeinua gogo. Nilisikia na nikaona haya kusikia, nikahamisha sahani yangu. Jioni alianza kukataa chai, yeye aliyekuwa akinywa vikombe vitatu. Usiku komeo la mlango lilifunguliwa mara nne, mara tano, na asubuhi Mama alisema huku akichochea moto, "Baba yako siku hizi analinda ng'ombe kushinda mbwa." Alisema kwa sauti, akingoja jibu kutoka ng'ambo ya ubao. Mgongo ukaanza kumuuma Baba, akasingizia randa, akasema mbao za siku hizi ni mbichi na zinamchosha mtu.

Kuna jambo moja la mwezi wa tano ambalo sijawahi kumwambia mtu. Nilirudi kutoka mtoni nikakuta juu ya kitanda changu furushi la gazeti limefungwa kwa sisali, kwa fundo la seremala. Ndani kulikuwa na bunda la pamba na pakiti mbili za pedi, zile za bei. Mama hakuwa na pesa za pedi na asingefunga kwa fundo lile. Baba ndiye aliyekwenda dukani pale senta, kwa mwenye duka waliyejuana naye tangu utotoni, akasimama mbele ya watu wa sukari na mafuta ya taa akataja kitu ambacho hata wake za watu walikitaja kwa kunong'ona. Nilikaa kitandani nikalia. Nilidhani ananiambia basi, nimechoka na uchafu wako. Jioni nilimpelekea maji ya kunawa bila kumtazama, naye akanawa bila kunitazama. Nilizitumia zile pedi zote, na kila nilipofungua moja nilijiona mdogo zaidi.

Mwezi wa saba binti wa jirani yetu aliposwa. Baba alikuwa mmoja wa wazee wa upande wa msichana, na upande wa mvulana ulileta, kama inavyopasa, fungu la miraa lililofungwa vizuri kwa majani ya mgomba. Fungu hilo haliletwi kwa starehe. Wazee wakilipokea, ndoa imesikilizwa, na wakishalipokea wanalitafuna, na mzee anayerudisha mkono asitafune amesema neno zito mbele ya watu. Baba hakuwa ametafuna miraa kwa miaka mingi, lakini siku ile alitafuna na wenzake kuanzia saa sita hadi saa kumi na moja, na chai kali juu yake. Leo ninajua kwamba miraa hukaza mlango wa kibofu, na kwa mwanaume ambaye tezi dume yake imekwisha kuubana mlango huo, alasiri moja inatosha kuufunga kabisa. Ninawaambia hivyo wanaume wanaokuja zahanati na shavu limevimba, na wananicheka. Siku ile hakuna aliyejua. Tulikuwa tumefurahi kwamba Baba amechangamka.

Alirudi akazunguka nyumba. Akakaa, akasimama, akaenda chooni, akarudi. Kulipokucha tumbo lake la chini lilikuwa gumu na limevimba, jasho linamtoka kwenye baridi ile, na akamwambia Mama neno moja tu, kwamba amefungika. Jirani aliyekuwa na pikapu ya kubebea vitunguu alitupeleka hospitali, Meru mjini. Baba alilala nyuma juu ya magunia na kila shimo la barabara lilimtoa sauti ambayo sikujua kwamba baba yangu anayo.

Mama alibaki kwenye foleni ya kadi. Mimi niliingia na Baba chumbani kwa sababu alikuwa ameniegemea na hakukuwa na mwingine wa kumshika. Daktari alikuwa kijana aliyetoka upande wa magharibi, hakujua Kimeru hata salamu. Baba alijua Kiswahili vizuri, alikuwa akibishana nacho na wanunuzi wa mbao wa Nairobi na kuwashinda. Lakini pale aligeukia ukuta akakataa. Kila alipoulizwa alinijibu mimi, kwa Kimeru, kwa sauti ya chini, na mimi nikawa mdomo wake.

"Mzee, mkojo imekataa tangu lini?"

"Mwambie tangu jana jioni," Baba akasema. Nikamwambia.

"Na kabla ya jana ilikuwa inatoka poa? Ama ilikuwa inakatika-katika?"

Baba alisema ilikuwa inakatika tangu mwaka jana. Nikamwambia, uso unanichoma.

"Sawa. Na damu? Umewahi ona damu kwa mkojo?"

Nilifikiri Baba hakusikia nikataka kumrudia swali. Kisha akasema, bado amegeukia ukuta, "Mwambie ndiyo. Mwambie ni tangu maharagwe ya kwanza. Mwambie ile ya chooni yote ilikuwa yangu, haikuwa ya mtoto."

Alisema "mtoto" kana kwamba ni mtoto mwingine, aliyebaki nyumbani, na kwamba mimi ni mfanyakazi wa hospitali tu niliyewekwa pale kutafsiri. Nilimtazama kisogo chake. Nywele zake zilikuwa na chembe za unga wa mbao, kama siku zote. Niliwaza ukuta ule wa ubao mmoja, na kiti kikisukumwa, na redio ikiongezwa sauti. Alikuwa anasikia. Kila neno alilisikia, na akaniacha nibebe lawama ya damu ile.

"Anasema nini?" daktari akauliza, kalamu juu ya karatasi.

"Anasema ameona mara moja, mara mbili," nilisema. "Lini, hakumbuki."

Baba alielewa nilichosema, maana Kiswahili alikijua. Hakunisahihisha. Mkono wake uliokuwa umeshika ukingo wa kitanda uliachia kidogo, na daktari akaandika. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilidanganya. Nilimwonea haya, nilimhurumia, na nilikuwa na hasira naye kiasi kwamba sikutaka apate nafuu ya kusikia maneno yake yakisemwa kwa sauti. Yote matatu ni kweli na siwezi kuyatenganisha.

Walimwekea mpira wa mkojo. Mimi nilisimama nyuma ya pazia nikisikia beseni likijaa, na lilijaa kwa muda mrefu, na Baba akalia kwa raha, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Daktari alipotoka alinitazama, akanivuta kope la chini bila kuniomba ruhusa.

"Siste, na wewe unakula chokaa ama? Mbona uko mweupe hivi?"

Nikasema niko sawa. Akasema mficha uchi hazai, keti hapo. Alinitoa damu kidoleni, na majibu yalipokuja aliyaangalia mara mbili akasema hajui nilipanda ngazi vipi. Kisha akaniuliza maswali ambayo hakuna mtu duniani alikuwa ameniuliza. Mwezi wako unachukua siku ngapi? Pedi moja inajaa baada ya muda gani? Kuna mabonge? Kuna siku unakosa kwenda mahali kwa sababu yake? Nilijibu yote. Aliniambia ikipita siku saba, au pedi ikijaa ndani ya saa moja au mbili, au mabonge yakawa makubwa, hiyo si kawaida ya mtu, ni ugonjwa na una dawa, na kwamba tamaa ya udongo ni damu inayoomba madini ya chuma. Niliongezewa chupa mbili za damu nikiwa wodi ya wanawake na Baba akiwa wodi ya wanaume, ng'ambo ya uwanja. Nilitoka na vidonge vya chuma na vingine vya kupanga hedhi, ambavyo ni vilevile vya kupanga uzazi, na nilijua Mama akiviona kutakuwa na vita. Aliviona. Alivisoma, akavirudisha kwenye mfuko, akaniuliza kama nimekula. Hakunigombeza tena kamwe, wala siku ile wala baadaye. Niliamini ni kwa sababu ya huzuni.

Baada ya miezi minane nilikuwa nahesabu siku tano kama wasichana wengine. Nilipofika miaka thelathini na kitu nikapata uvimbe wa kizazi, ukatolewa, nikapona pia. Mimi nilikuwa na bahati ya kumsindikiza mgonjwa.

Baba hakuwa nayo. Tezi dume ni kitu kidogo kilichokaa chini ya kibofu, kila mwanaume anacho, na kwa wengi kikikua uzeeni ni kukua tu, hakuna saratani ndani yake, kuna dawa na kuna upasuaji, na mtu anarudi shambani. Yake haikuwa ya aina hiyo. Saratani yake ilikuwa imeshafika kwenye uti wa mgongo wakati sisi tunalaumu randa. Daktari mkubwa, mwanamke mwenye miwani, alisoma karatasi akaniuliza, "Hapa wameandika hakumbuki damu ilianza lini. Hakuna mtu nyumbani aliyeona?" Nikasema hakuna. Ninajua leo kwamba jibu langu halingebadilisha kitu, mwezi wa saba ulikuwa umechelewa. Lakini mwezi wa pili je? Mwezi wa pili damu ile ilikuwa juu ya saruji mchana kweupe, na mimi nilikuwa naisugua kwa majivu.

Alirudi nyumbani na mpira, mfuko wake umefichwa ndani ya koti refu, hata wakati wa jua. Kanisani alikaa benchi la nyuma. Mimi ndiye niliyekuwa naumwaga mfuko ule asubuhi na jioni, na kuosha mikono, na kuangalia rangi. Ulikuwa ukijaa damu naye ananitazama ninavyoutazama, na hatukusema. Miezi minne tulikaa hivyo katika chumba kimoja, kati yetu jambo moja tu la kusemwa. Alinifundisha kunoa patasi. Aliniuliza habari za chuo. Alikufa mwezi wa kumi na moja, mvua ikinyesha hivi kwamba jeneza lilipita kwenye matope hadi vifundoni, na mhubiri akasema mficha maradhi kilio humfichua. Wazee wenzake waliitikia kwa vichwa, na nilipohesabu, watatu kati yao walitoka kwenda nyuma ya migomba kabla ya ibada kuisha.

Mimi nikaweka nadhiri moja. Mama hatajua kamwe damu ile ilikuwa ya nani. Nilimwona mjane, nikawaza akijua kwamba aligombeza mtu asiyehusika miezi mitano huku anayehusika anakula ng'ambo ya ubao, itamuua. Nikabeba. Miaka ishirini na miwili nimebeba, nikiona nimefanya jambo la heshima.

Jioni moja katika wiki yake ya sita kwangu, hapa Embu, nilikuwa nampa dawa zake. Alikuwa ametulia siku ile, amekula viazi viwili na kunitania kwamba mimi hupika kama mtu aliyeajiriwa. Kisha akasema, bila kuanzia mahali popote, "Ile damu ya Ruiri. Nilijua si yako."

Nilidhani ni dawa zinazosema. Nikamuuliza damu gani.

"Ya choo. Nilijua siku ya kwanza. Mimi ndiye mama yako, siku zako nilikuwa nazijua kuliko wewe. Na mtu akianza kwenda kwa choo na gazeti, na hasomi, si mke wake anajua?"

"Sasa mbona ulinigombeza mimi?"

"Ningemgombeza nani? Unaweza kuuliza mume wako kitu kama hicho? Baba yako?" Alipumzika kidogo, akavuta pumzi. "Nilikuwa naongea na yeye. Nilikuwa nangoja awe amekaa chini anakula, ndiyo asitoke. Nilisema, akisikia mtoto wake anaaibishwa hivi, atakubali. Atasema ni yangu, twende hospitali. Ni mwanaume gani anaweza kunyamaza?"

Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuipenda, kwamba Baba hakusikia hivyo. Baba alisikia kwamba mkewe hajui kitu. Kila Mama alipopiga kelele alikuwa anamhakikishia kwamba amefichika vizuri.

Mama alilifikiria hilo. Nadhani alikuwa amelifikiria kwa miaka mingi kabla yangu, kwa sababu uso wake haukubadilika. "Nimejua hivyo tangu siku tulimzika," akasema.

"Na mimi, Mama? Mimi ulinifikiria nini?"

"Wewe nilisema utasahau. Ulikuwa mtoto."

Hapo nilitaka kutoka chumbani. Nilikuwa na miaka arobaini na moja na nilitaka kupiga mlango kama msichana. Badala yake nikasema lile ambalo sikutaka kusema, ili limuume, na pia kwa sababu lilikuwa haki yake. Nikamwambia Baba alisema. Kule hospitali, yeye akiwa kwenye foleni ya kadi, Baba alisema damu ilikuwa yake, na kwamba mtoto hakuwa na kosa.

Mama aliinuka kwenye mto, mara ya kwanza siku nyingi, akanishika kifundo cha mkono. "Alisema? Alimwambia daktari?"

"Aliniambia mimi nimwambie."

"Na ukamwambia?"

Nje mtu alikuwa anafunga lango la jirani. Niliangalia vidonge vilivyokuwa bado kiganjani mwangu, vimeanza kulainika kwa jasho.

"Hapana," nikasema. "Nilisema hakumbuki."

Aliniangalia, si kwa ukali. Kisha akaniachia mkono, akajilaza taratibu, akageukia ukuta.

"Wewe pia," akasema.